Shampuu imejaa viputo kama soda: jibu langu kwa dada wa Moshi

Dada mleta mada, pole na kazi. Nimesoma maelezo yako mara mbili. Umetengeneza shampuu lita 20 kwa ajili ya saluni yako ya Majengo hapo Moshi: slesi (ile rojo ya kutoa povu) kilo mbili, salfoniki (asidi ya kutengenezea sabuni) nusu kilo, CDE (kimiminika cha kusaidia povu na uzito), gliserini, chumvi mpaka ikawa nzito unavyotaka, halafu mwishoni ukaona inawasha mikono ukatia soda ashi, ule unga wa kuua asidi, kuipoza ukali. Muda wote huo unakoroga kwa mchapo wa mayai wa umeme. Usiku uleule ukajaza chupa. Sasa imekuwa nyeupe kama uji wa mchele, ndani ina viputo vidogo visivyopanda wala kushuka, na chupa ulizojaza hadi shingoni zimeshuka vidole viwili baada ya siku tatu. Wateja wawili wamekwambia umewapunja. Unauliza ununue dawa gani ya kuua povu.

Dawa ipo na nitaisema, ila usikimbilie dukani kwanza. Mimi niko Sakina, Arusha. Kazi hii nimeianza mwaka 2017 na hilo limenikuta kwa namna tatu tofauti kabla sijaelewa kwamba yalikuwa matatizo matatu. Wewe naona una mawili kwa mpigo. Jibu litakuwa refu, chukua chai kabisa.

Kwanza tutenganishe povu na viputo. Povu ni lile la juu, unaliona, unaweza kuliengua kama unavyoengua povu la maharage. Hilo halinisumbui. Ukifunika ndoo ukaenda kulala, asubuhi kubwa lake limekufa lenyewe. Viputo ni hewa iliyonaswa ndani ya shampuu. Hivyo ndivyo vinavyoifanya iwe nyeupe, kwa sababu mwanga ukikutana na maelfu ya viputo vidogo unatawanyika. Umewahi kukinga maji ya bomba yenye presha kubwa yakatoka meupe kama maziwa, halafu yakaanza kusafika kutoka chini ya glasi kwenda juu? Ni jambo lilelile. Tofauti ni kwamba kwenye maji yanasafika kwa nusu dakika, na kwenye shampuu yako bado unasubiri.

Mwaka wangu wa kwanza nilipata oda ya lita 40. Mikono yangu miwili, mwiko mmoja, nikaona nitakesha. Mume wangu ni fundi rangi, ana drili na kile chuma cha kukorogea rangi ya nyumba. Tukakisafisha, tukakitumbukiza kwenye ndoo, dakika tano tu kazi imeisha, na shampuu ikawa nyeupe yenye kumetameta. Tukafurahi sana. Tukadhani ndiyo imeiva, inafanana na zile za dukani zenye rangi ya lulu. Nikajaza chupa, nikapeleka. Siku ya nne mwenye saluni ananipigia simu: "Mama, hizi chupa unajaza kwa kijiko cha chai?" Nilikasirika, nikaenda na yangu niliyobakiza nyumbani, nikaifungua mbele yake. Nayo ilikuwa imeshuka. Nilirudi kwa miguu kutoka Mianzini kwa aibu, hata daladala sikupanda.

Kuanzia siku hiyo nilinunua mizani ya jikoni, na nakushauri ununue kabla ya dawa yoyote. Shampuu ya aina hii isiyo na hewa ina uzito wa gramu 1,020 hivi kwa lita, kwa sababu gliserini na chumvi ni vizito kuliko maji. Pima chupa tupu, jaza lita moja kamili, pima tena, toa uzito wa chupa. Ile ya drili ilikuwa imebaki kwenye gramu 920. Yaani karibu sehemu moja ya kumi niliyokuwa nauza ni hewa ya Sakina. Wateja wako hawajakuonea. Chupa ukiandika mililita 500, ndani ziwepo 500, na siku Wakala wa Vipimo wakikutembelea hawatasikiliza habari za mchapo.

Aliyenifungua macho ni mdogo wangu wa kiume, wakati huo yuko kidato cha sita anasoma fizikia. Akaniambia ipo kanuni ya mtu anaitwa George Stokes, ya mwaka 1851, inayoeleza kitu kidogo cha mviringo kinavyopita ndani ya kimiminika. Kiputo kikubwa hupanda upesi na kidogo hupanda polepole. Hilo hata mimi nilikuwa naliona. Nisilolijua ni ukali wa tofauti yenyewe. Upana wa kiputo ukipungua nusu, mwendo wake unapungua mara nne. Upana ukipungua mara kumi, mwendo unapungua mara mia. Na kimiminika kikizidi uzito mara kumi, yaani uzito wa kuwa rojo na siyo wa mizani, mwendo unapungua mara kumi nyingine juu ya hapo.

Tukakaa na karatasi, tukapiga hesabu ya ndoo yangu ambayo shampuu inafika kina cha sentimita 30. Tukachukua shampuu nzito ya kawaida, nzito mara elfu tano kuliko maji. Kiputo chenye upana wa milimita moja kikiwa chini kabisa kinafika juu kwa dakika 45. Sawa, unaenda kupika ugali ukirudi kimetoka. Lakini chenye upana wa sehemu ya kumi ya milimita, kama unene wa karatasi ya daftari, kinahitaji saa 75. Siku tatu na ushee, bila mtu kuigusa ndoo. Sasa kichukue kiputo hichohicho ukiweke kwenye mchanganyiko ambao haujatiwa chumvi, bado mwepesi, tuseme mzito mara kumi tu kuliko maji. Dakika tisa.

Saa 75, dakika tisa. Nilimwambia arudie hesabu nikidhani amekosea nukta.

Basi hapo ndipo penye jibu la swali lako, na mengine yote nitakayosema ni matawi yake: uzito uje mwisho. Kila jambo linaloweza kuingiza hewa au kutoa gesi, lifanye shampuu ikiwa bado nyepesi. Iache ipumue. Ikishatulia na kusafika ndipo uitie chumvi. Wewe umeifanya nzito halafu ukaendelea kuichapa, na mchapo wa umeme, kama drili, kazi yake ni kuvikata viputo vikubwa kuwa vidogo. Ulikuwa na viputo vya dakika 45 ukavigeuza vya siku tatu.

Najua utaniambia: bila mchapo mabonge ya slesi hayayeyuki. Kweli, slesi ina tabia hiyo. Ile rojo nzito tunayouziwa kwa kilo huwa ni ya asilimia 70, na ikikutana na maji kidogo inakuwa ngumu kuliko ilivyokuwa kabla ya kuwekwa maji. Inajifunga mabonge ya jeli, unalikimbiza bonge moja ndoo nzima. Ndiyo maana watu wanakata tamaa wanashika mchapo. Mimi nimeacha kupigana nayo. Kwa lita 10 naweka slesi kilo moja na nusu kwenye ndoo jioni, naisambaza chini, namimina juu yake taratibu lita sita za maji vuguvugu, nafunika, nalala. Asubuhi sehemu kubwa imeyeyuka yenyewe. Nazungusha mwiko mara kumi au kumi na tano, nafunika tena, naenda zangu kwenye shughuli nyingine. Kufika saa sita mchana hakuna bonge, na hakuna aliyechapa kitu. Usiku unafanya kazi bure, kwa nini tusiutumie?

Maji yenyewe nayachemsha nikaacha yapoe. Sababu ya kwanza ni vijidudu. Ya pili ni kwamba maji ya bomba yana hewa iliyoyeyuka ndani yake, zile punje unazoziona zimeng'ang'ania kuta za sufuria kabla maji hayajachemka. Ukiyachemsha hewa kubwa inatoka. Hapa Arusha tulipo, kwenye mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, maji yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi badala ya 100, ila kwa kazi hii inatosha.

Sasa kukoroga. Sikia, usipekeche. Kila mtu kwetu amelelewa kwenye upekecho na mlenda, mkono una mazoea ya kutafuta povu. Kwa shampuu mazoea hayo yaweke pembeni. Chukua mwiko mrefu wa ubao, uuingize mpaka chini, na kichwa chake kisitoke nje ya kimiminika mpaka umalize. Kila unapoutoa na kuurudisha unashuka na hewa yake. Zungusha ukipita chini na pembeni, taratibu kama mtu anayeogopa kumwamsha mtoto. Ukiona katikati kimetokea kishimo kinachozunguka, kama maji yanavyoingia kwenye tundu la sinki, umezidisha kasi: kile kishimo ni mdomo, kinameza hewa na kuishusha chini. Punguza mpaka kifunge.

CDE, gliserini na rangi vyote vinaingia hapo, wakati bado ni nyepesi. Kwa lita 10 naweka CDE gramu 250 na gliserini mililita 200. Pafyumu naweka mchanganyiko ukiwa umepoa, vinginevyo unanunua harufu ya bei ghali halafu unaigawia majirani. Vimiminika vyote unavimimina kwa kuviteleza kwenye ukuta wa ndoo. Kumwaga kutoka juu kunachimba shimo na kushusha hewa. Nilipoanza nilikuwa namwaga kutoka juu kama mtu anayepoza chai, naona ni mbwembwe nzuri.

Nije kwenye tatizo lako la pili, ambalo sidhani kama umelishuku: soda ashi.

Fanya jaribio dogo. Chukua magadi, hata yale tunayotia kwenye kiburu, weka kwenye kikombe ukamulie limao. Umeona yanavyochemka? Hiyo ni gesi ya kaboni dayoksaidi, ileile iliyo kwenye soda. Soda ashi ni ndugu wa magadi, na salfoniki ni asidi kali kuliko limao mara nyingi sana. Vikikutana, gesi lazima itoke. Nusu kilo ya salfoniki ikimalizana na soda ashi inaweza kutoa gesi zaidi ya lita 15. Kwenye ndoo ya lita 20! Na wewe uliitia mwisho, shampuu imeshakuwa nzito, kwa hiyo gesi imezaliwa ndani na haina pa kutokea. Hapo hata ungekoroga kwa unyoya ungepata viputo. Uliposema "kama soda" ulisema sawasawa.

Mimi lilinipata kwa mlango mwingine. Nilikuwa nimeshajifunza kuchelewesha chumvi, najiona fundi. Siku moja nikazidisha sitriki, ile asidi ya limao ya unga, shampuu ikawa kali. Badala ya kutulia nikachota magadi soda ya jikoni vijiko viwili nikatupia kwenye shampuu iliyokwisha kuwa nzito. Ilifura kama maandazi. Nikaiona inapanda kwenye ndoo inanifuata. Nusu yake iliishia sakafuni, na sakafu iling'aa wiki nzima, watoto wakageuza jikoni kuwa uwanja wa kuteleza.

Kwa hiyo mambo ya asidi yote yamalizwe mapema. Kama lazima utumie salfoniki, ipooze peke yake kwenye maji mengi, asidi iingie kwenye maji kidogo kidogo na siyo maji kwenye asidi, glavu na miwani viwepo, soda ashi ikiwa imeyeyushwa, halafu acha mpaka mchemko uishe na uzidi kukaa saa kadhaa. Ila kwa maoni yangu salfoniki haina kazi kwenye shampuu ya nywele. Hiyo ni ya sabuni ya maji ya vyombo na chooni. Inakausha ngozi ya kichwa, na mteja wako aliyetoka kusuka atakuchukia. Slesi na CDE vinatosha. CDE inavuta shampuu kuelekea upande wa magadi, kwa hiyo sitriki kidogo iliyoyeyushwa kwenye maji inahitajika kuirudisha. Nunua karatasi za kupimia pH, yaani kipimo cha asidi (namba ikishuka asidi imezidi), lenga 5 au chini yake kidogo. Hapo ndipo sodiamu benzoeti inafanya kazi ya kuzuia kuoza. Ukiiweka kwenye shampuu yenye pH ya 7 au 8 umetupa hela. Gramu 50 kwa lita 10 inanitosha. Formalini, dawa kali ya kuzuia kuoza wanayofundishana kwenye vikundi vya sabuni mimi siweki kichwani kwa mtu, na hapo sibishani na yeyote.

Baada ya yote hayo mchanganyiko unakaa. Angalau saa 12, mimi naupa usiku mwingine. Ukiufunua asubuhi umekuwa angavu kama chai ya rangi isiyo na majani. Usipokuwa angavu usitie chumvi. Jiulize kwanza kwa nini.

Chumvi ndiyo sehemu ninayoipenda. Watu wanaimwaga kavu, punje kwa punje, halafu wanachapa ili iyeyuke. Mimi nayeyusha gramu 200 kwenye nusu lita ya maji ya moto, nachuja kwa kitambaa, naacha ipoe. Kisha nachota glasi moja ya shampuu pembeni, natia maji ya chumvi kijiko cha chai kimoja kimoja, nakoroga taratibu na kutazama. Inaanza nyepesi, inakuwa nzito, inakuwa nzito zaidi, halafu ghafla kijiko kimoja tu kikizidi inaanza kuwa maji tena. Ndiyo, chumvi ina kilele chake. Ukikipita shampuu inarudi nyepesi na kuwa na ukungu, na chumvi haitoki tena. Kwenye glasi hasara ni ndogo. Kwenye ndoo inabidi utengeneze slesi nyingine isiyo na chumvi uichanganye. Basi nikishajua glasi yangu ilihitaji vijiko vingapi, napiga hesabu ya ndoo, na napunguza kidogo. Namimina kwa uzi mwembamba pembeni huku mwiko unazunguka chini. Dakika tano imekwisha. Viputo vitakavyoingia hapo ni vichache na vikubwa, vile vya kupanda mpaka juu wakati unapika ugali.

Nyie wa Moshi mna joto, mnashukuru. Huku kwetu mwezi wa saba asubuhi unaweza kuona pumzi yako, na shampuu iliyokuwa sawa mwezi wa pili inakuwa kama gundi. Msimu huo napunguza chumvi, na ndoo naiweka kwenye beseni la maji ya moto ilegee, viputo vitoke. Niliwahi kupeleka Moshi mzigo niliourekebisha kwa baridi ya Julai, ukafika Mbuyuni mchana wa jua, mteja anasema nimeuza maji. Ilikuwa shampuu ileile! Tangu hapo mzigo wa Moshi naujaribu kwa kuweka chupa moja juani kwanza.

Kuna mtu hapo juu amekushauri uongeze mshubiri uliosagwa kwenye blenda kwamba "unafunga" shampuu. Ndugu, kwa heshima zote, blenda ni drili yenye kifuniko. Ute wa mshubiri ukisagwa unatoka povu tupu. Ukiutaka, saga, chuja kwa kitambaa cha kaniki safi, weka kwenye friji mpaka povu lishuke na ute usafike, ndipo uingie, na uingie kabla ya chumvi. Lakini tatizo langu la tatu lilitoka hapohapo, kwa hiyo sikiliza. Nilitengeneza lita 10 za mshubiri mbichi, bila kizuia kuoza, kwa sababu mteja alitaka "asili tupu". Ilikuwa angavu na nzuri. Siku ya tisa viputo vikaanza kuonekana, vipya, vya duara kabisa, vinaongezeka kila siku. Chupa moja ikafura, na mfuniko ukaruka ndani ya kabati la saluni. Harufu yake sitaieleza hapa. Hiyo haikuwa hewa ya kukoroga. Ni vijidudu vinakula shampuu na kutoa gesi, kama togwa inavyofanya. Viputo vinavyozaliwa baada ya siku nyingi kwenye shampuu iliyokuwa safi havitibiwi. Mwaga. Usimpe hata binamu yako.

Kuwatenganisha hao wote na weupe usio wa viputo kabisa, ninafanya hivi. Chupa gizani, tochi ya simu nyuma yake. Hewa inamulika nukta nukta kama nyota. Weupe usio na nukta, kama moshi, mara nyingi ni pafyumu au mafuta yaliyokataa kuchanganyika, au chumvi imepita kilele. Halafu tumbukiza chupa hiyo, ikiwa wazi, kwenye maji ya nyuzi 45 kwa saa moja. Ikianza kusafika kutoka chini kwenda juu ni hewa. Ikibaki ilivyo baada ya kupoa, tafuta mchawi kwingine.

Kujaza chupa nako watu wanaharibu kazi ya siku tatu kwa dakika kumi. Mnakumbuka zile ndoo za koki za kunawia mikono wakati wa korona? Nilizikuta mbili zimetupwa stoo ya kanisani, nikaziomba. Hakuna chombo kizuri kuliko hicho. Shampuu inatulia ndani yake, koki iko chini, kwa hiyo unachota ile safi na povu la juu linabaki juu mpaka mwisho. Kwenye koki nimevalisha kipande cha mpira wa maji chenye urefu wa kufika kitako cha chupa. Chupa inajaa kutoka chini, mpira ukifuata usawa wa shampuu unavyopanda. Mara ya kwanza fungua koki nusu, hewa iliyo kwenye mpira itoke kwenye kikombe, ndipo uanze na chupa. Lita ya mwisho yenye povu siuzi, tunaoshea vichwa vya hapa nyumbani.

Sasa dawa uliyouliza. Ya povu la juu ni spiriti ya hospitali kwenye chupa ya kupulizia: puliza juu mara mbili tatu kama ukungu, povu linakufa palepale. Mbali na moto tafadhali, na usimwage. Ya viputo vya ndani, maduka ya kemikali yanauza kizuia povu cha silikoni. Kinafanya kazi, matone machache tu. Lakini fikiria: mteja wa saluni anapima ubora wa shampuu kwa povu la kichwani. Ukiua povu ndani ya ndoo umeliua na kichwani pia. Viwandani wana mitungi inayokoroga huku pampu inafyonza hewa yote juu yake. Sisi tuna usiku na ndoo iliyofunikwa.

Kwa hizo lita 20 ulizonazo usizitupe bado. Rudisha zote kutoka kwenye chupa, ziteleze ukutani, ila usiziweke kwenye ndoo moja. Zigawe kwenye mabeseni mapana, kina kisizidi sentimita 10. Kiputo kikiwa na theluthi ya safari kitatumia theluthi ya muda. Pima pH. Ikiwa bado iko juu usiguse sitriki kwanza, kwa sababu soda ashi iliyobaki itachemka upya. Weka mabeseni juu ya maji ya moto, yafike nyuzi 45 hivi, shampuu ilegee kabisa, ndipo utie sitriki iliyoyeyushwa, kidogo kidogo, ukizungusha mwiko chini. Itatoa gesi, iache itoe. Ikitulia pima tena. Funika kwa kitambaa safi vumbi lisiingie, badilisha maji ya moto mara mbili tatu mpaka jioni, halafu acha usiku kucha. Pafyumu itapungua kiasi, utaongeza kidogo mwishoni.

Asubuhi chota lita moja kutoka katikati ya beseni, weka kwenye mizani. Ikifika gramu 1,000 kwenda juu, jaza chupa. Ikiwa chini ya hapo irudishe kwenye maji ya moto siku nyingine. Wale wateja wawili wapelekee ya kujazia, usisubiri waje. Na uandike hapa umepata gramu ngapi kabla na baada, maana na mimi nataka kujua salfoniki ya nusu kilo ilikuachia hewa kiasi gani.